Joto Lipande, Maneno Yabaki Chini

Huenda ukashangaa kumwona mwanachama wa Chama cha Kiswahili akiandika habari za boriti, dari na desibeli badala ya ngeli na vitendawili. Usishangae. Mlezi wa chama ndiye aliyeniambia, "Wewe andika hiyo habari ya sakafu yenu, kila siku unatuchosha nayo." Basi nimeitikia wito. Nikikuchosha nawe, lawama mpelekee yeye.

Sisi twakaa Westlands. Nikisema hivyo shuleni, wenzangu hudhani kwetu kuna bwawa la kuogelea. Aa, wapi! Twakaa katika nyumba kuukuu ya mawe, mojawapo ya zile chache zilizosalia nyuma ya Waiyaki Way, nayo imezungukwa na maghorofa marefu yanayochipuka kama uyoga wakati wa masika. Mwenye nyumba anangoja tu siku ya kuibomoa, ndiyo maana kodi yake twaiweza. Chini kuna jikoni na sebule yenye meko ya kuni na dohani ya kutolea moshi. Juu kuna vyumba vya kulala. Kuta ni za mawe mazito, lakini sakafu ya orofa ya juu ni mbao tupu: boriti zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, mbao zikapigiliwa juu yake, na kwa chini dari nyembamba ya kuficha boriti. Mtu akikohoa juu, wa chini humwambia pole.

Tuliizoea hali hiyo mpaka nyanya alipokuja. Nyanya ni mama yake baba, naye alitoka Voi kuja kutibiwa kifua. Sasa fikiria mtu aliyezeekea katika jua la Voi, umlete Nairobi mwezi wa Julai! Watu husahau kwamba mji huu, ijapokuwa u karibu na ikweta, umekaa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Julai jua halionekani siku nzima, na usiku kipimajoto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Chumba cha nyanya kilikuwa juu ya sebule. Sisi chini tulikuwa tukiota moto, yeye juu amejifunika blanketi tatu na bado meno yanagongana.

Usiku mmoja mama alipanda kumpelekea dawa. Akakuta mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na katikati ya chumba jiko la makaa linawaka. Nyanya alikuwa amelipandisha mwenyewe, kimyakimya, tulipokuwa tukitazama taarifa ya habari. Alikuwa amekaa kitandani, kichwa kinamuuma, maneno yanamtoka nusunusu. Mama alifungua kila kitu kinachofunguka, akapiga mayowe, tukamtoa nyanya hadi uani. Hospitalini alipewa hewa ya oksijeni, na kwa neema ya Mungu akapona.

Mwenzangu, hili nakuomba ulisome mara mbili. Makaa yanapowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia katika damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo mtu hukosa pumzi huku akipumua. Hasikii kukabwa, husikia kichwa kinamuuma na usingizi. Kila msimu wa baridi tunasoma magazetini habari za watu waliolala na jiko wasiamke.

Baada ya tukio hilo baba alikata shauri. Joto liko chini, nyanya yuko juu, na hewa yenye joto hupanda kwa kuwa ni nyepesi kuliko ya baridi. Basi kilichobaki ni kuifungulia njia. Jumamosi alichukua msumeno akatoboa dari na sakafu, tundu la sentimita 30 kwa 30, akalifunika wavu wa chuma. Nyanya alisogeza kiti, akanyoosha miguu juu ya lile tundu, akacheka. Sote tuliona tumemaliza kazi.

Kumbe tumeanza! Kwanza, harufu ya vitunguu ilipanda. Kisha redio. Kisha nduguzo zangu wawili wadogo na ugomvi wao wa rimoti. Nyanya hakulalamika hata kidogo. Lililoharibu mambo lilitokea wiki ya pili, usiku wa manane, baba na mama walipobaki sebuleni wakipiga hesabu. Sikuwapo, lakini baadaye niliambiwa. Baba alisema karo ya kijana (ndiyo mimi) haijamalizika, na gharama za dawa zinawamaliza wao. Mama akajibu kwamba pengine mzee angerudi Voi kwa muda, wapumue kidogo. Walisema bila chuki, kama watu waliochoka wasemavyo.

Asubuhi nilipompelekea nyanya chai nilimkuta ameketi kando ya kitanda, kikapu chake kimefungwa kamba.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo aniitavyo, "mvua za Voi zimekaribia. Nimeona nikaangalie shamba."

Mvua za Voi, Julai! Hata mtoto wa darasa la pili anajua hapana mvua Voi mwezi wa Julai. Nikatazama lile tundu, naye akalitazama. Nikaelewa.

Baba alipanda akamwomba msamaha kwa magoti, na sitaandika yote yaliyosemwa humo chumbani. Nyanya alikubali kukaa hadi amalize tarehe zake za kliniki, ila kwa sharti moja. Alisema, "Zibeni hilo tundu. Baridi naiweza. Hayo mengine siyawezi."

Ndipo swali likawa langu: je, kuna njia ya kupandisha joto bila kupandisha maneno?

Kwanza nilifanya ujinga ambao wengi wenu mngefanya. Nilikusanya trei za mayai kutoka kwa mama muuza duka kule Kangemi, nikazigundisha darini sebule nzima, kwa kuwa niliwahi kuona picha ya chumba cha kurekodia muziki kikiwa na vitu mfano wa hivyo. Sebule ilionekana kama kiota. Na sauti? Ilipita kama kawaida. Mwalimu wetu wa Fizikia alicheka hadi akavua miwani. Akanieleza kwamba kitu chepesi chenye vinyweleo hupunguza mwangwi ndani ya chumba kile kile, lakini hakizuii sauti kutoka nje ya chumba.

Sauti ni mtikisiko. Mtu akisema, hewa hutikisika, hewa huitikisa dari, dari nayo huitikisa hewa ya upande wa pili. Kitu chepesi hutikisika upesi; kizito hukaidi. Ukiongeza uzito wa sakafu mara mbili, sauti inayopita hupungua kwa kama desibeli 6. Trei ya yai ina uzito gani? Basi.

Halafu mwalimu alinipigia hesabu ya lile tundu, nayo ndiyo iliyonifungua macho. Sakafu ya chumba cha nyanya ni mita 4 kwa 4. Tundu la sentimita 30 kwa 30 ni kama nusu asilimia tu ya sakafu hiyo. Utasema nusu asilimia ni nini? Lakini tazama: tundu la asilimia moja hupitisha sehemu moja kwa mia ya nguvu ya sauti, na hiyo ni punguzo la desibeli 20 basi. Kwa nusu asilimia punguzo ni kama desibeli 22 au 23. Hata sakafu iliyosalia ingekuwa ya chuma cha meli, huwezi kuvuka hapo, maana sauti yote inapitia tundu. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Toa 22, zinabaki 38, na katika chumba kimya usiku hizo zatosha mtu kushika neno kwa neno. Isitoshe, sikio lina ujanja wake: nguvu ikipungua mara kumi, sikio huona imepungua nusu tu.

"Kwa hivyo," nikamwuliza, "tuzibe tu, nyanya agande?"

"Wapi," akasema. "Tofautisha wasafiri wako. Sauti na joto hawatembei kwa mguu mmoja."

Hewa yenye joto hupanda polepole, kama mzee apandaye ngazi. Ikikuta kona, inazunguka. Ikikuta nyingine, inazunguka tena. Haipotezi mengi. Sauti hukimbia mita 340 kwa sekunde, na ile nyembamba, yaani ile inayobeba konsonanti zetu, ikigonga kitu laini humezwa. Ikigonga mara ya pili humezwa tena. Basi ukiijengea hewa njia yenye kona, ukazitandika kona hizo kitu laini, joto litafika na maneno yatachakaa njiani. Kuna kasoro moja tu: sauti nene. Mawimbi ya besi ya mizunguko 50 kwa sekunde yana urefu wa karibu mita 7. Hayo hayajali sponji yako ya sentimita 5. Ndiyo maana Ijumaa usiku, muziki wa vilabu vya Westlands ukipigwa, sisi tulio mbali hatusikii mwimbaji anasema nini, twasikia "du, du, du" tu kifuani. Kwa hilo sina dawa. Nchini kuna Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, lakini nyanya asema besi haijui kusoma.

Niliposimulia haya chamani, mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye ni mzaliwa wa Lamu, alituliza kikao akasema, "Mnafundishwa leo mambo ya babu zetu." Akatuchorea ubaoni nyumba ya mawe ya Lamu. Huingii kutoka barabarani moja kwa moja. Kuna daka, ukumbi wa nje wenye viti vya mawe. Ukivuka mlango unafika tekani, na hapo njia inapinda kabla ya kutokea kiwandani, yaani uwanja mdogo wa ndani ulio wazi juu. Mpita njia haoni ndani, na maneno ya ndani hayatoki sawasawa, lakini hewa hupita, na joto la nyumba hupandia kiwandani likaenda zake mbinguni. Na sakafu za juu? Boriti za mikoko, juu yake vipande vya matumbawe, juu yake tena chokaa, pakawa pazito kama mwamba. Vyumba vyenyewe ni vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haina urefu mkubwa. Mlamu anataka joto litoke na sisi twataka lipande kwa nyanya, lakini kanuni ni ile ile: uzito pote, na hewa ipewe njia yenye kona.

Wenzangu wanaokaa kwenye fleti wataniuliza, je, sisi wa sakafu ya saruji? Nyinyi mna heri ya aina moja na shari ya aina nyingine. Sakafu ya zege ya sentimita 15 ina uzito wa kama kilo 360 kwa kila mita mraba, hivyo mazungumzo hayapiti kirahisi. Tena zege hupitisha joto mara kumi hivi kuliko mbao, kwa hiyo jirani wa chini akipika, sakafu yako hupata vuguvugu pole kwa pole. Lakini kuna sauti ya pili, ile ya kugonga: visigino, kiti kinachoburutwa, kinu cha kutwangia. Hiyo haisafiri hewani kwanza; inaingizwa ndani ya zege yenyewe, na zege huibeba mbali. Kuongeza uzito hakukusaidii sana hapo. Dawa yake ni ulaini pale panapogongwa: zulia, raba chini ya kinu, vitambaa chini ya miguu ya viti. Na dawa hiyo huwekwa na wa juu kwa faida ya wa chini, ndiyo sababu majirani hugombana.

Narudi kwetu. Baba alimwita fundi mmoja kutoka Kangemi, mtu wa maneno machache. Mimi, kwa kuwa nilijiona mtaalamu, nilipendekeza tujaze mchanga katikati ya boriti. Si unajua uzito huzuia sauti? Na kweli, huko Ulaya nyumba nyingi za zamani zilijazwa mchanga au majivu ndani ya sakafu kwa ajili hiyo hiyo. Fundi akaniuliza, "Mchanga wa kina gani?" Nikasema sentimita 5. Akaniambia nipige hesabu. Mchanga wa kina hicho ni kilo 80 kwa mita mraba, na chumba ni mita mraba 16. Nikapata kilo 1,280. Zaidi ya tani moja, juu ya boriti zilizokula chumvi nyingi, na chini yake sisi tumekaa tukinywa chai! Fundi hakusema neno. Alizigonga boriti kwa nyundo, akanitazama, nikaenda kutafuta kazi nyingine.

Kazi iliyofanyika ni hii. Lile tundu lilizibwa kwa mbao nene. Nyufa zote za sakafu zikajazwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, maana ufa mrefu mwembamba ukijumlishwa ni tundu tu. Trei zangu zikabanduliwa. Chini ya dari ya zamani pakatundikwa dari ya pili ya jipsamu, mbao mbili mbili, zikishikiliwa kwa vipande vya raba ili isiguse boriti kwa ugumu. Ikiguswa kwa msumari mtupu, mtikisiko huteremka kwenye msumari kama nyoka. Katika nafasi iliyobaki akatandaza pamba ya mwamba, ile isiyoshika moto. Nilitaka tutumie blanketi za mitumba kwa kuwa ni rahisi. Alikataa katakata, kwa sababu karibu na meko nguo kuukuu ni kuni.

Ndipo ikaja njia ya joto. Kando ya dohani, ambapo hewa ya sebule huwa na joto zaidi, fundi alisimamisha bomba la bati la sentimita 20 kwa 30. Linaanza karibu na dari ya sebule, linapinda kushoto, linapanda, linapinda tena, kisha linafungukia chumbani kwa nyanya karibu na sakafu, mbali na kitanda. Kona zote mbili zimetandikwa pamba ya mwamba iliyofunikwa kitambaa kisichoungua. Ndani yake kuna kifuniko cha kufungia, kwa ajili ya siku za joto na kwa ajili ya hatari ya moto.

Siku ya kwanza joto halikupanda! Tulikaa tukitazamana. Mwalimu wa Fizikia ndiye aliyetegua kitendawili hicho: hewa haipandi mahali ambapo nyingine haishuki. Chumba cha nyanya kilikuwa kimefungwa barabara, kimejaa hewa ya baridi isiyo na pa kwenda. Basi tulikata sentimita moja na nusu chini ya mlango wake, hewa ya baridi ikapata kuteremka kwa ngazi hadi sebuleni ikapashwe upya. Utasema tumefungua tundu jingine. Ni kweli. Lakini ngazi zetu zapinda mara mbili, na mama alizitandika zulia la mitumba kutoka Gikomba, juu hadi chini. Sauti inayopita huko hufika imekuwa mnong'ono usio na maneno.

Onyo jingine kabla sijasahau. Bomba kama hili huchukua hewa ya chini kama ilivyo. Chini pakiwa na jiko la makaa, sumu nayo itapanda kwa nyanya, na hapo tungekuwa tumemuua kwa ustadi. Kwetu moto ni wa meko yenye dohani, na kabla ya kulitumia bomba baba aliisafisha dohani, akatoa masizi gunia zima na kiota kimoja cha ndege. Jiko la makaa sasa halivuki kizingiti cha mlango wa nyuma. Kifaa cha kupiga kengele panapokuwa na kaboni monoksaidi kimeshikizwa ukutani chumbani kwa nyanya, naye amekivika kitambaa cha kufuma ili kipendeze, nasi kila siku twakivua.

Nilipima kwa kipimajoto nilichoazima maabara. Kabla ya kazi, saa tatu usiku, chumba kilikuwa nyuzi 15. Baada ya kazi, saa hiyo hiyo na moto ule ule, nyuzi 18. Si Voi, lakini blanketi zimepungua kuwa mbili. Kuhusu sauti sikuwa na mashine. Nilimsimamisha ndugu yangu sebuleni asome kwa sauti ukurasa wa gazeti, nami nikalala juu nikiandika ninachosikia. Wakati wa tundu niliandika karibu kila neno. Baada ya bomba nilijua tu kwamba kuna mtu anasema, na kwamba ni mvulana.

Limebaki jambo moja ambalo fundi alitaka kulimaliza, tukamzuia. Nyanya hutembelea mkongojo. Mama alitandika zulia chumba kizima, na chini yake sponji, hivyo hatumsikii akitembea. Lakini kando ya kitanda, upande wa ukutani, nyanya alitaka paachwe mbao tupu, kiasi cha sahani. Fundi akamweleza kwamba hapo mgongo wa boriti u wazi na kila kishindo kitashuka sebuleni. Nyanya akasema ndivyo apatakavyo. Akigonga mara moja anataka chai, mara mbili anataka dawa, na mara tatu, saa nne usiku, maana yake ni mimi nizime taa nilale.

Jana aligonga mara tatu nikiwa bado kwenye aya hii.